Bastola Inayopaliwa

Bastola ilipaliwa tena. Binti Komando alivuta kifyatulio, hakukutoka kitu, na kidole kikampa habari kabla ya macho: ulaini ule wa kijinga, kama kubonyeza swichi wakati umeme umekatika. Aliilaza bastola ubavu kidogo, mdomo wake ukiwa bado umeelekea kwenye tuta la mchanga, akatazama. Slaidi, kile kifuniko cha juu kinachotakiwa kurudi mbele na kufunga kwa nguvu, ilikuwa imesimama njiani. Risasi ilichungulia katikati, pua juu, haijaingia na haijatoka.

"Tena?" aliuliza mkufunzi.

"Tena, afande."

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi aliyetumwa na makao makuu ya kampuni pamoja na bastola mpya, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno. "Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Magazini mbili, mfululizo, bila kusaidiwa na mtu. Atakayeshindwa anaacha kusindikiza magari, anarudi getini zamu ya usiku. Sheria sikuitunga mimi, lakini nitaifuata."

Nyuma yao walinzi wengine walikuwa wanabana vicheko. Tofali, pande la mtu lenye mabega yaliyojaa mlango, ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Jamani, mrudishieni ile ya zamani aliyoachiwa na mama yake. Hii ya kisasa haitaki mikono ya pamba."

"Pamba ndiyo iliyokufunga kidonda mwaka jana, ukilia," Binti Komando alimjibu bila kugeuka, na wote wakacheka, safari hii upande wake. Lakini kicheko hakifyatui risasi. Alichomoa magazini, akavuta slaidi, ile risasi iliyokwama ikaangukia mchangani, na aliposimama wima uso wake ulikuwa umefura.

Wengine hurithi mashamba. Yeye alirithi jina. Mama yake alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa silaha katika kampuni ile ya ulinzi, zamani hizo wanawake wakikabidhiwa mafagio, na wanaume walimwita Komando kwa kejeli mpaka kejeli ikawachosha na jina likabaki kuwa la heshima. Binti alipoajiriwa hakuna aliyejisumbua kumuuliza anaitwa nani. Wenzake wote walifundishwa kushika bastola jeshini au chuoni. Yeye alifundishwa na mama yake, kwenye uwanja huuhuu, mbele ya tuta hilihili, na bastola aliyopewa ilikuwa ileile ambayo mama yake aliirudisha siku aliyostaafu. Alikuwa akijivunia jambo hilo, na kwa nini asijivunie?

Sasa zile za zamani zimekusanywa, kila mtu kapewa mpya. Za wenzake zilikuwa zinakula risasi kama hazijaona chakula wiki nzima. Ya kwake ilikuwa inapaliwa.

Na kwa wenzake geti lilikuwa geti tu, kibarua cha kuchosha, basi. Kwake lilikuwa jambo jingine kabisa. Kampuni yao ilisindikiza magari ya dawa kutoka ghalani kwenda hospitalini, na magari hayo yalitembea mchana. Mchana mama yake alikuwa na jirani wa ukuta kwa ukuta, mshonaji, ambaye aliacha mlango wake wazi na cherehani yake karibu ili asikie akiitwa. Usiku jirani alikuwa na mume na watoto wake. Tangu kiharusi kilipompiga upande wa kulia, Komando alikuwa hawezi kuinuka kitandani bila mkono wa mtu, na kwa kuwa alikuwa Komando, aliinuka hivyohivyo. Mara moja binti alirudi kutoka dukani akamkuta chini kwenye sakafu ya bafu, amelala ubavu, anatazama mlango. Hakuwa amemwita jirani. Alisema alikuwa anapumzika.

Kwa hiyo zamu ya usiku ilikuwa haiwezekani. Ndivyo Binti Komando alivyojiambia akirudisha bastola stoo: haiwezekani, kwa hiyo haitakuwa.

Stoo ya silaha ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na harufu ya mafuta ambayo mtu alitoka nayo mpaka nyumbani. Mwenye chumba walimwita Kutu, kwa sababu ya msemo wake asiouacha, kwamba kutu haina likizo. Aliipokea bastola, akaipindua chini ya taa.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Kitu kikija kipya kinakuja na lake. Tutaitafuta hiyo kamba."

"Tunaanzia wapi, mzee?"

"Mwanzo. Na tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha viwili, ikipona hutajua nani kaiponya, na kesho ikiugua tena utaanza kulia upya."

Maneno hayo yalimwingia. Wakaifungua. Ndani bastola ilikuwa bado imejaa grisi nzito ya kiwandani, ile inayopakwa ili chuma kisioze njiani, imeganda kwenye kona zote. Kutu akamwonyesha kwa ncha ya brashi ule mteremko mdogo unaoipandisha risasi kutoka magazini na kuiingiza chemba, mwanzoni mwa mtutu. Yeye aliuita koo. "Koo lenyewe hili limejaa makohozi, utashangaa likipaliwa?" Wakafuta, wakakausha, wakapaka mafuta kidogo ya kulainisha pale tu chuma kinaposuguana na chuma. Binti Komando alitoka stoo moyo mweupe. Jioni hiyo baada ya zamu walimruhusu uwanjani, Kutu akiwa msimamizi wake. Alipachika magazini, akakoki, akalenga, akavuta.

Kimya.

"Sawa," alisema Kutu. "Si makohozi."

Siku iliyofuata walishika magazini, vile visanduku vyembamba vinavyobeba risasi ndani ya mpini. Alipaka moja rangi nyekundu ya kucha, ya pili akaiacha ilivyo, ili asizichanganye. Ikiwa ugonjwa uko kwenye moja, ugonjwa utaifuata hiyo. Ugonjwa haukuifuata yoyote. Bastola ilipaliwa na nyekundu, ikapaliwa na isiyo na rangi. Wakahamia kwenye risasi. Kutu alikuwa na boksi la zenye pua bapa na boksi la zenye pua ya mviringo, na akasema zile za mviringo huteleza vizuri zaidi kooni. Huenda huteleza. Kwake zilikwama kwa adabu ileile. Kutu akasema springi mpya za magazini huwa kali kupita kiasi, tuziache zimejazwa zilegee kidogo. Wakaziacha. Hazikulegeza chochote isipokuwa subira ya Kutu.

"Imebaki moja," alisema mzee, akikwepa macho yake.

"Mimi."

"Sijasema."

"Unataka kusema. Basi tupime na mimi, si ndiyo kanuni yako?"

Alimwendea Tofali mwenyewe. Kumwomba mtu anayekucheka ni kazi kubwa kuliko kubeba mawe, lakini aliweka kiburi pembeni akasema, "Njoo unipigie magazini mbili na bastola yangu. Nataka kuona." Tofali alikuja akitembea kama bwana harusi. Akapachika, akakoki, akapiga magazini ya kwanza yote; akaibadilisha, akapiga ya pili yote. Hakuna iliyokohoa. Maganda yalimwagika kulia kwake, na moshi ukapita.

Ajabu ni kwamba Tofali hakucheka. Pengine aliuona uso wa mwenzake. "Shika kwa nguvu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Shika kama unamvusha mtoto barabara. Mkono ukilegea, bastola yote inarudi nyuma pamoja na slaidi, halafu slaidi inakosa nguvu ya kurudi mbele. Nilifundishwa hivyo."

Hilo lilikuwa kweli, na Kutu alilikubali. Kwa hiyo Binti Komando alipofika nyumbani alijaza ndoo maji, akainyoosha mbele kwa mkono mmoja mpaka bega likatetemeka, akapumzika, akainyoosha tena. Mama yake alimtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Unateka maji au unayaadhibu?"

"Najikaza, Mama."

Alijikaza kila jioni. Siku aliyorudi uwanjani alikuwa ameishika ile bastola hata vifundo vya vidole vimepauka. Ikapaliwa.

Aliketi juu ya boksi tupu la risasi na kwa mara ya kwanza tangu yaanze yale mambo alitaka kulia. Aliwaza bafu, na sakafu yake, na mama yake akiwa ubavu anautazama mlango ambao hautafunguliwa mpaka asubuhi. Hofu ilimshika. Kisha hasira ikaipiga kumbo hofu, na hasira alikuwa anaifahamu, walikuwa wamelelewa nyumba moja. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa risasi. Zilikuwa zile zilizokwama. Tangu siku ya pili alikuwa anaziweka kando, bila kujua kwa nini. Akazipanga juu ya goti.

"Mzee," alisema, "tumeuliza sana inapaliwa na nini. Hatujauliza inapaliwa saa ngapi."

"Saa ngapi vipi?"

"Umewahi kuiona imekwama katikati ya magazini? Nimeshapiga kadhaa, halafu ikakwama?"

Kutu alikuna ndevu. "Sasa hapo umeniuliza."

"Jaza zote mbili."

Wakarudia, safari hii wakitazama hilo tu. Ya kwanza ikakwama. Akaitoa, akaendelea, na zilizofuata zote zikatoka bila kikohozi. Akabadilisha magazini: ya kwanza ikakwama, nyingine zote zikapita. Wakarudia tena na tena mpaka jua likaanza kuwapiga machoni, na kila mara ilikuwa vilevile.

"Katikati ya mlo haipaliwi hata kidogo," alisema polepole. "Inapaliwa tonge la kwanza."

"Na tonge la kwanza," Kutu alisema, na sasa hata yeye alikuwa ameinuka, "halilishwi na bastola. La pili na kuendelea inajilisha yenyewe kwa nguvu ya mlipuko. La kwanza unalilisha wewe, kwa mkono wako. Hebu koki nikuone. Usipige, koki tu."

Akageukia tuta, kidole nje ya kifyatulio. Mkono wa kushoto ulishika slaidi, ukaivuta mpaka mwisho, kisha ukarudi nayo mbele, kiganja juu yake, taratibu, mpaka pale inapofunga. Alikuwa ameifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hakuiona.

"Simama hapohapo. Huo mkono unakwenda wapi?"

"Unarudi."

"Unarudi na nini?"

"Na slaidi. Naisindikiza."

Kutu alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kijijini kwao ikisemwa ugenini. "Unaisindikiza."

"Ndivyo inavyoitwa. Vuta, sindikiza, lenga. Silaha haitupwi."

Mzee akaanza kucheka, kicheko kisicho na ubaya, cha tumbo, mpaka akalazimika kushika nguzo. "Mwanangu, mgeni husindikizwa akiondoka! Anayeingia unamsindikiza kwenda wapi? Anayeingia anafunguliwa mlango, anapishwa, anaingia kwa miguu yake." Akafuta macho. "Ile ya zamani springi yake ilikuwa imechoka, na koo lake limetanuka kama mlango wa ghala. Hata ungeilisha kwa kijiko ingemeza. Hii koo lake jembamba, inataka risasi iingie kwa kasi yote ya springi. Wewe unaishika kiuno njia nzima. Ivute, halafu iachie. Mkono wako uende nyuma, wala usiiage."

Aliivuta, akaiachia. Slaidi ikafunga kwa kishindo kilichomshtua mpaka mabegani. Akapiga. Ikatoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Angepaswa kufurahi, na alifurahi kwa muda wa kutosha kupumua mara moja. Kisha akakumbuka neno lile la kusindikiza alilitoa wapi.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo tangu augue, lakini makali hayakupungua.

"Umekuja na uso wa nani leo?"

Alimweleza yote, hata habari ya mtihani na geti. Alichagua maneno kama mtu anayechambua mchele: springi mpya, koo jembamba, tonge la kwanza. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye mkono.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema Komando.

"Sikusema hivyo, Mama."

"Umesema kwa adabu. Lakini umesema."

Mama alikuwa anatazama nje. "Unajua kwa nini niliisindikiza?" alisema mwishowe. "Walinipa bastola mbovu kuliko zote. Slaidi yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kila ilipojipiga, ufa ulirefuka. Walijua. Walikuwa wananisubiri niivunje, waseme mnaona, mwanamke kaivunja. Nikawa naileta mbele kwa mkono, polepole, kama unavyomlaza mtoto. Mpaka wakachoka kusubiri, wakaja kubadilisha slaidi wenyewe. Mkono ukabaki na tabia yake. Wewe umekula kwa huo mkono. Umesoma kwa huo mkono."

Binti Komando alijua mama yake alipata shida kazini. Hakujua kuhusu ufa. Alimwona akiwa kijana, peke yake mbele ya tuta, wanaume wamekaa nyuma yake wanasubiri kitu kivunjike. Moyo ulimuuma.

"Halikuwa kosa, Mama. Ilikuwa dawa. Ila ni dawa ya ugonjwa ule, si wa huu."

"Nipeleke nikalale."

"Bado mapema."

"Nimesema nipeleke."

Akampeleka. Hawakuagana.

Kujua ugonjwa si kupona. Mazoea ni kitu kikaidi. Huko stoo, kwa risasi bandia za Kutu, mkono wa kushoto ulivuta vizuri, ukaachia, halafu vidole viwili vikaikimbilia slaidi kama watu waliosahau kitu ndani ya gari. Kutu alimpiga vile vidole kwa mpini wa brashi. "Hao wawili nani kawaalika?" Kwa siku zilizobaki, saa za stoo hazikutosha, na bastola haikuruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na mlango wa jikoni, wa wavu, wenye springi ya kujifunga. Tangu mama augue alikuwa anaufunga kwa kuushika, ukaguse fremu bila sauti. Sasa alisimama mbele yake, akauvuta mpaka mwisho, akaachia.

Paa!

"Mnagombana na nani huko?" jirani aliuliza kupitia ukutani.

"Na mlango!"

"Nani anashinda?"

Akauvuta tena. Paa! Vidole vilikuwa vinaukimbilia, alivirudisha kifuani kwa nguvu, kama mtu aliyeungua. Paa! Kutoka chumbani, ambako sasa mama yake alikuwa anapendelea kukaa, ilikuja sauti ambayo alikuwa hajaisikia kwa siku mbili isipokuwa kuomba maji.

"Utaung'oa!"

"Nitaurudisha, Mama."

Paa! Kimya. Paa! Komando hakusema neno jingine. Lakini kimya chake kilikuwa cha mtu anayesikiliza.

Ijumaa uwanja ulijaa. Meneja alikuja, na madereva wa magari ya dawa wakaegemea ukuta kutazama. Walinzi waliitwa mmoja mmoja. Tofali alifaulu, akarudi akipuliza vidole kwa mbwembwe. Alipompita Binti Komando alisema bila kumtazama, "Usinitie aibu, nimeshawaambia nilikufundisha mimi."

"Binti Komando," mkufunzi aliita, na hapo akaonekana kusita, kama ndiyo kwanza amegundua kwamba hilo si jina.

Alisogea kwenye mstari. Filimbi ikalia, akapachika magazini nyekundu, akavuta slaidi, akafungua mkono. Ikafunga kwa kishindo chake kizuri. Akapiga. Tonge la kwanza lilipita, na la pili, na yote, mpaka slaidi ikabaki nyuma, imemaliza chakula, inadai kingine. Akachomoa, akapachika ya pili. Alisikia mkufunzi nyuma yake akitaja muda uliobaki kwa sauti kubwa. Haraka ikamwingia, na mtu mwenye haraka hurudi kwa aliyemlea. Mkono ulivuta. Kiganja kikarudi nayo.

Ikapaliwa.

Mtu alivuta pumzi kule ukutani. Binti Komando hakuhitaji kutazama, alijua risasi ilivyokaa, pua juu. Alijua pia kwamba hakuna wa kumsaidia na kwamba hahitaji msaada, kwa sababu hapakuwa tena na fumbo. Bastola haikuwa na chuki naye. Mkono wake haukuwa wa pamba. Alichomoa magazini, akavuta slaidi kwa nguvu, risasi ile ikaruka. Akairudisha magazini mahali pake, akaipiga kitako kwa kiganja, akavuta tena mpaka mwisho, na safari hii aliachia kwa namna ambayo mkono ulifika mpaka begani. Kishindo. Akapiga. Akapiga mpaka zikaisha, na filimbi ya mwisho ikamkuta bastola iko tupu na mdomo wake unafuka.

Mkufunzi alikwenda kwenye shabaha, akarudi bila haraka yoyote, watu wa namna ile wana raha zao. "Ilikwama," alisema.

"Ilikwama, afande."

"Umeitoa mwenyewe, umemaliza ndani ya muda. Huko barabarani ndicho ninachokitaka." Akageuka. "Amefaulu. Anayefuata."

Kutu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo, alipandisha brashi yake hewani. Tofali alikuwa anawaeleza madereva jinsi alivyomfundisha.

Alifika nyumbani jua likiwa bado liko dirishani. Alikuwa amepanga jinsi atakavyosema, lakini alipofungua mlango yote yalimpotea. Mama yake alikuwa kitini, amevaa gauni lake la kutokea. Viatu vilikuwa miguuni, kimoja hakijafungwa. Kando ya mlango palikuwa na furushi la shuka, limejaa, limefungwa fundo juu.

"Mama. Unakwenda wapi?"

"Nimempigia kaka yako." Kaka yake aliishi mbali, safari ya siku nzima, na Komando alikuwa ameapa kwamba nyumba ya mkwewe ataingia akiwa mgeni tu. "Kesho anakuja kunichukua. Huko usiku hakukosi watu." Alikuwa anayasema polepole, kila neno likiwa limeandaliwa. "Wewe ukikaa getini unawaza mimi nimeanguka, hutalilinda geti wala hutanilinda mimi. Nenda ukafanye kazi yako. Mkono wangu umeshakuchelewesha vya kutosha."

Binti Komando alichuchumaa mbele ya kile kiti, akaushika ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akauweka shavuni.

"Nimefaulu, Mama."

Komando alimtazama muda mrefu, kama mkaguzi. "Zote?"

"Moja ilikwama. Magazini ya pili."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitoa. Nikaendelea."

Midomo ya mama ilitetemeka upande ule mmoja unaotii. Machozi yalimtoka jicho la kushoto, akayafuta kwa mgongo wa mkono kwa hasira, kana kwamba mtu mwingine ndiye kamlilia usoni. "Basi mpigie kaka yako asije," alisema. "Mimi nimechoka kuongea naye, ana maneno mengi."

Binti Komando alicheka, kamasi zikimtoka, akasogea kwenye furushi. Fundo lilikuwa dogo na gumu kama kokwa. Aliingiza kucha pembeni yake, akajaribu kulilegeza upande huu, akajaribu upande ule. Halikutikisika.

"Nani alikufungia hivi?"

"Mwenyewe. Mkono mmoja na meno."

Alilipapasa tena kwa ncha za vidole, taratibu, akitafuta pa kuanzia. Nyuma yake kiti kililia. Mama yake alikuwa ameinama mbele, anamtazama mikono.

"Unalibembeleza," alisema Komando. "Usilibembeleze. Livute."

Akalivuta, na nguo za mama yake zikamwagika sakafuni.